MANA ILIKUWA NA SAA YAKE

  

Leo nataka kuongea na waliojiajiri. Wewe ambaye hakuna mtu anayekupigia kengele asubuhi, wala anayekuwekea mshahara mwisho wa mwezi. Fundi wa cherehani, mama mboga, mtu wa bodaboda, kinyozi, dada wa saluni, fundi wa kuchomelea vyuma, mkulima wa nyanya, kijana wa kazi za intaneti. Ukiacha mashamba madogo, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wako kwenye jua kali. Kwa hivyo nikisimama madhabahuni Jumapili najua wengi wanaonisikiliza ni ninyi.

Na kuna swali moja ambalo mnaniletea kuliko mengine yote. Linakuja kwa simu, linakuja baada ya ibada, linakuja usiku kwa ujumbe mfupi. "Pasta, natoka nyumbani gizani na narudi gizani, na bado hakuna kitu kinabaki mkononi. Je, nimefungwa? Niombee nifunguliwe."

Mpendwa, mimi naamini maombi ya kufunguliwa. Nimefunga na watu, nimekesha na watu, nimeona Mungu akitenda. Lakini mtu akija na swali hilo, kabla sijaweka mkono juu ya kichwa chake huwa namuuliza mambo matatu. Jana ulilala saa ngapi? Kazi yako iliyo ngumu kuliko zote unaifanya saa ngapi? Wateja wako wanakuja saa ngapi? Wengi wananiangalia tu. Wanajua bei ya gunia la viazi wiki hii, wanajua bei ya petroli, lakini hawajui saa zao wenyewe. Kuna uchovu ambao ni vita vya kiroho. Kuna uchovu mwingine ambao ni uchovu tu, na dawa yake ni kulala na kupanga kazi.

Fungua Kutoka sura ya 16. Wana wa Israeli wako jangwani, Mungu anawapa mana. Ilikuwa inapatikana asubuhi. Jua likiwa kali, iliyobaki nje iliyeyuka. Sasa fikiria mtu mmoja katika kambi ile anayeamka saa nne, anachukua kikapu kikubwa kuliko cha jirani, anazunguka jangwani mchana kutwa, anatoa jasho, na anarudi jioni mikono mitupu. Je, mtu huyo ni mvivu? Hapana, amefanya kazi kuliko wote. Je, amelaaniwa? Hapana, Mungu alimwaga mana mbele ya mlango wa hema lake kama wengine. Alikosa saa. Masaa mengi na kikapu kikubwa havikuweza kuchukua mahali pa saa moja aliyoiacha ipite.

Hilo ndilo nataka ulibebe leo: nguvu zako zina saa zake, na riziki yako ina saa zake, na ukizijua utafanya kazi kama mtu aliyeitwa na Mungu, usiishi kama mtumwa wa kazi.

Nikupe mfano. Ndugu mmoja wa bodaboda amenipa ruhusa nisimulie bila jina lake. Alikuwa anaingia barabarani saa kumi alfajiri na kutoka saa nne usiku, siku sita kwa wiki. Pikipiki aliichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, na kila siku mkopo unaamka kabla yake. Akaja kuniambia ana pepo wa usingizi. Kanisani analala, mezani analala. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba asubuhi moja kwenye barabara ya Kamukuywa alishtuka pikipiki iko kwenye nyasi, na mama aliyembeba anapiga kelele nyuma yake. Mama huyo hakuumia, yeye pia hakuumia. Lakini alikuwa amefunga macho akiendesha, na hakumbuki aliyafunga lini.

Tuliomba. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, leta simu." Ujumbe wa M-Pesa unaandika saa na dakika pesa ilipoingia. Tukakaa chini ya mwembe, tukapitia ujumbe wa wiki mbili mmoja mmoja, na nauli za pesa taslimu nazo akakumbuka alizoweza. Tukaandika kwenye daftari la mtoto wake. Picha ikatokea hapo kwenye karatasi. Pesa yake nyingi ilikuwa inaingia kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, walimu, wanafunzi na watu wa soko wakienda. Ilirudi tena saa kumi hadi saa moja jioni, watu wakirudi. Katikati, kuanzia saa tano mpaka saa tisa, alikuwa anakaa stejini kwenye jua au anazunguka mjini akichoma petroli akitafuta abiria ambao hawako. Saa kumi alfajiri alikuwa anapata mtu mmoja au wawili wa kwenda sokoni mbali. Baada ya saa mbili usiku alikuwa anapata walevi na wasiwasi.

Sasa anaanza saa kumi na mbili. Saa sita anaenda nyumbani, anakula, analala kidogo, anaosha pikipiki, anakaza nyororo. Saa kumi yuko stejini na macho yake yamefunguka. Saa mbili usiku amefunga kazi. Siwezi kukudanganya kwamba amekuwa tajiri. Pesa inayoingia haijaongezeka sana. Lakini petroli imepungua, mkopo unalipwa, na watoto wake wanamwona baba yao akiwa macho. Abiria wake nao wanafika. Jumapili hii alisimama kutoa ushuhuda na hakulala kwenye mahubiri yangu, na hiyo nayo ni ishara.

Tazama hata namna sisi Waswahili tunavyohesabu saa. Wazungu wanaanza kuhesabu usiku wa manane, kila mtu akiwa amelala. Sisi tunaanza na jua. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tofauti ni ndogo tu, na muda mfupi baadaye tunasema saa moja, saa ya kwanza ya mchana. Ndivyo Wayahudi wa siku za Yesu walivyohesabu mchana wao. Ukisoma Mathayo 20, yule mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na saa hizo ni zile zile unazozisema wewe ukiwa Kimilili. Lugha yetu yenyewe inatuambia kwamba siku ina mwanzo, ina kilele, ina kushuka.

Na soma Yohana 4. Bwana wetu amechoka na safari. Ni kama saa sita. Akaketi kisimani, wanafunzi wakaenda mjini kununua chakula. Mwana wa Mungu alikaa chini kwa sababu amechoka! Hakujilaumu, wala hakuna aliyemkemea pepo wa uchovu ndani yake. Na akiwa ameketi pale pale, mwanamke Msamaria akaja na mji mzima ukapata habari njema. Marko 1 inatuonyesha akiamka kabla ya mapambazuko kwenda kuomba peke yake. Marko 4 inatuonyesha akilala kwenye mto wa kulalia, mashua ikipigwa na dhoruba. Aliyeamka mapema vile ndiye aliyelala vile. Mengi tunapenda kumwiga Yesu wa alfajiri na kumsahau Yesu wa kwenye mashua.

Mimi jambo hili nililiona kwanza kwa mama yangu, kabla sijajua kusoma Biblia. Alikuwa analima na kuuza mboga sokoni, hakuwa na saa mkononi. Jembe lilikuwa la alfajiri, umande ukiwa bado kwenye mahindi. Saa tano jua likikaza alikuwa ameshatoka shambani. Mchana alikaa kivulini akipukuchua mahindi na kuchagua maharagwe, kazi ya mikono isiyohitaji mgongo, na ilipofika saa tisa mvua ikianza kushuka kutoka upande wa Mlima Elgon, alikuwa yuko ndani tayari. Hesabu ya nani anamdai na yeye anamdai nani aliifanya asubuhi, kabla ya kwenda sokoni. Hakuifanya usiku hata siku moja. Alisema usiku pesa inadanganya.

Wataalamu wamekuja kuthibitisha alichojua. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilipewa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young. Walichunguza inzi wadogo wale wanaokuja kwenye ndizi zilizoiva sana, wakaeleza jinsi saa ya ndani ya mwili inavyofanya kazi. Kuna protini inayojikusanya ndani ya seli usiku na kuvunjika mchana, na mzunguko huo unachukua karibu masaa 24. Binadamu naye ana saa ya namna hiyo. Ndiyo inayopandisha na kushusha joto la mwili, ndiyo inayoleta usingizi, na mwanga wa jua ndio unaoirekebisha kila siku. Ndiyo maana baada ya chakula cha mchana unasinzia. Ugali unachangia, lakini hata asiyekula ugali hupungua nguvu saa hizo. Usijikemee. Umeumbwa hivyo.

Na hatukuumbwa sawa. Wako wanaochangamka kuku akiwika, na wako ambao akili yao inafunguka jioni. Vijana wengi saa yao inachelewa, wazee inawahi. Hapa nataka niwaombe wazazi kitu.

Mama mmoja alinijia analia kuhusu mwanawe. "Pasta, huyu mtoto analala mpaka saa nne kama mgonjwa. Nimemsomesha, sasa amekuwa mvivu, majirani wananicheka." Nikaenda nyumbani. Kijana akanionyesha kompyuta yake. Anaandika maneno ya mikutano iliyorekodiwa kwa wateja walioko Marekani. Wao wakifungua ofisi New York saa tatu asubuhi, hapa Kimilili ni saa kumi jioni, na miezi yao ya baridi ni saa kumi na moja. Kazi inaingia jioni, anafanya mpaka saa saba usiku, kukiwa kimya na intaneti ikiwa na kasi. Nikamwambia, "Mama, mtoto wako analala mchana kwa sababu usiku alikuwa kazini. Ukimwamsha saa kumi na mbili unamnyang'anya jembe lake." Na kijana nikamwambia, "Wewe nawe, mwambie mama ratiba yako kwa heshima, mwonyeshe pesa inavyoingia, na asubuhi saa nne ukiamka chota maji kabla hujashika simu." Wamepatana. Msimpige mtu kwa jina la mvivu kabla hujajua saa yake.

Sasa nasikia mtu akisema: Pasta, Paulo alifanya kazi usiku na mchana, na mwanamke wa Mithali 31 taa yake haikuzimika. Ni kweli. Paulo alishona mahema ili asiwalemee watu, na alikuwa na majira ya kujitoa kupita kiasi, kama wewe unavyojitoa wiki ya mavuno. Lakini yule mwanamke wa Mithali, soma mstari wa 15 polepole: alikuwa na wajakazi na aliwagawia kazi. Hakubeba yote peke yake. Na chungu wa Mithali 6 tunayempeleka kwa kila mvivu, mbona hatumalizii habari yake? Anasifiwa kwa sababu anakusanya wakati wa mavuno. Anajua majira.

Biashara ya hapa kwetu ina majira. Mvua ndefu zikianza Machi au Aprili, pesa inaingia ardhini kwa mbegu na mbolea, na dukani kunakuwa kimya. Januari shule zinafunguliwa, fundi wa cherehani hana nafasi ya kupumua. Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mbili si kama Agosti ya mwaka unaogawanyika, kila Mbukusu anajua nyumba zinavyojaa wageni mwaka wa tohara. Dada yetu mmoja fundi anaanza kukata sare za shule mwezi wa Novemba, cherehani zikiwa zimelala, ili Januari abaki na kazi ya kupima na kumalizia. Januari anakesha, ndiyo. Lakini Februari anafunga kibanda siku mbili kwa wiki, anapaka cherehani mafuta na kulala. Hiyo ndiyo hekima ya chungu.

Najua pia yuko anayesoma hapa moyo ukimuuma kwa sababu hana uchaguzi. Soko linamwamsha, deni linamwamsha, mtoto mchanga anamwamsha. Dada yangu, sikuwekei mzigo mwingine. Anza na kidogo kilicho mkononi mwako. Akina mama wawili wa kanisa letu walikuwa wote wanaamka saa tisa usiku kwenda kununua mboga Chwele siku za soko. Sasa wanapokezana. Leo mmoja ananunua kwa ajili ya wote wawili, zamu ijayo mwenzake. Kila mmoja amepata usiku mzima wa kulala aliokuwa hana. Iliwagharimu kuaminiana tu.

Na jambo la mwisho ni zito, lishike. Usifanye uamuzi wa pesa ukiwa umechoka. Mikopo ya simu haifungi duka. Saa tano usiku, umelala chali, kichwa kinauma, karo inadaiwa, kidole kinabonyeza mara tatu na deni limeingia nyumbani kabla mwenzako hajageuka kitandani. Watu wengi wanaokuja kwangu na madeni ya simu, nikiwauliza waliomba saa ngapi, wanataja usiku. Weka sheria katika nyumba yako: mkopo unazungumzwa mchana, wawili mkiwa mmeketi, daftari likiwa wazi. Kama asubuhi bado unaonekana ni wa lazima, basi uombe asubuhi.

Wiki hii fanya hivi. Chukua daftari. Kwa siku 14 andika pesa inaingia saa ngapi, na saa ngapi unajisikia una nguvu na saa ngapi unazima. Kisha gawa kazi zako. Kazi inayohitaji akili yako na ambayo hakuna mwingine anaweza kukufanyia, kukata kitambaa, kupanga bei, kupima chuma, kuandika, iweke kwenye saa yako ya nguvu na uilinde saa hiyo kama mtoto. Kufagia kibanda, kupanga mali, kupiga simu, kupeleka mzigo, peleka kwenye saa ya uchovu. Fundi, mashine ya kukata usiishike saa nane ukiwa unasinzia, vidole havioti tena. Lala, madaktari wanashauri mtu mzima apate angalau masaa saba. Na siku moja kwa wiki, pumzika. Mana haikuanguka siku ya saba, na hakuna aliyekufa njaa, maana ya siku ya sita ilikuwa maradufu.

Mimi pia sina mwajiri anayenipigia kengele. Ninyi mnajua simu yangu haipatikani kabla ya saa tatu asubuhi isipokuwa kuna msiba au mgonjwa, kwa sababu alfajiri ndipo Neno linapoingia ndani yangu. Mchana ng'ombe, jioni kuwatembelea. Jumatatu napumzika, maana Jumapili nyinyi mnapumzika mimi niko kazini. Asanteni kwa kulinda saa hiyo pamoja nami.

Eliya alipochoka chini ya mretemu akaomba afe, Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtumia malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena. Safari ndefu ilikuja baadaye.

Tuombe.

Baba, asante kwa mikono hii na kazi uliyoipa. Mwonyeshe ndugu yangu saa yake ya mana, asiilale na asiiuze. Dada yangu anayeamka usiku kwa ajili ya watoto, mpe mwenzake wa kupokezana naye. Kijana aliye barabarani usiku huu, mfungue macho na umrudishe nyumbani salama. Vunja aibu ya kupumzika katika nyumba zetu. Utupe usingizi kama zawadi unayowapa uwapendao, na asubuhi utuamshe na nguvu mpya. Katika jina la Yesu. Amina.

Mtumie ujumbe huu mtu mmoja unayejua amechoka. Usiku mwema, na simu sasa weka chini.